Mwenye Funguo Hayupo: Uchambuzi wa Kisa cha Seva ya Mashabiki Iliyokufa Taratibu

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinahusu seva moja (mashine inayoendesha ulimwengu wa mchezo unaochezwa na wengi mtandaoni) ya Minecraft, mchezo wa kuchimba na kujenga kwa matofali, iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2018 na kuzimika mwaka 2023. Majina ya watu, jina la seva na kila jambo ambalo lingeweza kuwatambulisha wahusika yameondolewa, na wahusika wakuu wanatajwa kwa nafasi zao tu. Mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi wanne, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuyapima maneno yangu akijua kwamba nilikuwa na upande katika ugomvi huu. Nimetegemea zaidi ujumbe tulioandikiana na kumbukumbu za seva kuliko hasira zangu za wakati ule, ingawa sidai kwamba hasira hizo zimekwisha.

Ziko seva za mashabiki zinazouawa kutoka nje. Nostalrius, iliyowarudishia watu mchezo wa World of Warcraft wa miaka ya mwanzo, ilifungwa Aprili 2016 baada ya barua ya mawakili wa Blizzard, kampuni yenye mchezo huo. Seva yetu haikuwa na adui wa namna hiyo. Mojang, watengenezaji wa Minecraft, hutoa programu ya seva bure kwa yeyote anayetaka kuiendesha. Michango ilikuwa ikiingia. Wachezaji walikuwapo kila jioni. Kilichoiua kilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, na kwa muda mrefu hatukukiona kuwa ni tatizo.

Usuli

Seva ilianzishwa na mtu mmoja, ambaye hapa ataitwa Mmiliki. Yeye ndiye aliyekodi mashine, aliyesajili jina la kikoa (anwani ya seva mtandaoni) kwa jina lake, aliyelipa kwa kadi yake na aliyeshika nenosiri la mashine pamoja na la akaunti ya michango. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa, kwa sababu mwanzoni seva ilikuwa na watu wasiozidi ishirini na wote walimjua. Sifa yake kubwa ilikuwa ahadi moja: kwamba ulimwengu wa mchezo hautafutwa kamwe. Seva nyingi za aina hii huanza upya kila baada ya miezi michache ili kuvuta watu kwa msisimko wa mwanzo, lakini yetu ilijivunia barabara zilizochimbwa mwaka wa kwanza na miji iliyopanuliwa na watu ambao hawakuwahi kukutana na waasisi wake.

Watu walipoongezeka, Mmiliki aliteua wasimamizi wanne, mmoja wao akiwa Msimamizi Mkuu, rafiki yake wa siku nyingi. Hapa ni lazima kueleza tofauti moja ambayo mchezaji wa kawaida haioni. Msimamizi wa ndani ya mchezo anaweza kumfungia mtu, kumhamisha kutoka mahali hadi mahali, kuwapa watu vitu na kutoa amri kadhaa kwa seva yenyewe. Hawezi kusasisha programu, kuhifadhi nakala ya akiba, wala kujua kama diski imejaa. Kazi hizo zinahitaji kuingia kwenye mashine, na mashine ilikuwa na mlango mmoja wenye ufunguo mmoja. Sisi wanne tulikuwa tukipokea malalamiko yote na kukesha na seva, na hatukuweza kurekebisha hata kitu kimoja kilichohitaji ufunguo huo.

Katika mwaka wa tatu Mmiliki alianza kazi ya kudumu. Kutoka kuonekana kila siku, akawa anaonekana mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki tatu. Hakujiuzulu, wala hakukabidhi chochote.

Mfuatano wa matukio

*Sanduku la almasi*

Tukio la kwanza lilionekana dogo. Katikati ya mwaka 2021 mchezaji mmoja alilalamika kwamba sanduku lililofichwa chini ya nyumba yake lilikuwa tupu. Seva ilikuwa na programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, inayoandika kila tofali linalowekwa au kuvunjwa na kila kitu kinachotolewa sandukuni, ikitaja mhusika na saa. Mimi ndiye niliyekwenda kuangalia. Nilisimama mbele ya sanduku, nikaligusa kwa zana ya ukaguzi, na mistari mitatu ikatokea mfululizo: almasi 64, almasi 64, almasi 64, zote zimetolewa usiku wa manane ndani ya dakika moja, na jina lililoandikwa mbele ya mistari yote mitatu lilikuwa la Msimamizi Mkuu.

Mchezaji alikuwa amesimama kando yangu akisubiri jibu. Nilimwambia kwamba tutalichunguza, jibu ambalo hadi leo naliona kuwa la woga.

Msimamizi Mkuu alisema alizichukua almasi ili azikague, akishuku kwamba zilipatikana kwa hila. Mmiliki, alipopatikana siku nne baadaye, aliamua mambo matatu: mchezaji arudishiwe almasi mara mbili ya zilizopotea kwa amri ya seva, aombwe asilizungumze jambo hilo, na wasimamizi wengine waondolewe uwezo wa kusoma kumbukumbu za masanduku. Sababu aliyoitoa kwa uamuzi wa tatu ilikuwa kuzuia majungu. Hakujua kwamba mchezaji alikuwa amepewa picha ya skrini na mmoja wetu. Sikuwa mimi, ila sikusikitika.

*Siku mbili za Desemba*

Tukio la pili ndilo lililonifumbua macho kuhusu hali yetu. Tarehe 9 Desemba 2021 ilitangazwa hadharani hitilafu ya usalama katika Log4j, kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java ili kuandika kumbukumbu, Minecraft ikiwamo. Ubaya wake ulikuwa katika wepesi wake: mtu aliweza kuandika mstari mmoja wa maandishi ya namna fulani kwenye gumzo la mchezo, seva ikauandika kwenye kumbukumbu zake kama inavyoandika salamu za kawaida, na kwa kuuandika tu ikajikuta inapakua na kuendesha programu ya mshambulizi. Kesho yake Mojang walitoa toleo 1.18.1 lenye marekebisho, na wanaotunza programu za seva walikuwa wameshatoa yao. Kwa mwenye ufunguo, kazi yote ilikuwa ya dakika kumi.

Mwenye ufunguo hakuwapo. Tulimwandikia kwa kila njia tuliyokuwa nayo. Wakati huohuo kila mchezaji aliyeingia alikuwa hatarini pamoja na mashine yenyewe, kwa kuwa hitilafu ilizigusa pia kompyuta za wachezaji ambao hawakuwa wamesasisha mchezo. Tukaamua kuizima seva kwa amri ya ndani ya mchezo. Ikazimika, na baada ya sekunde kumi ikawaka tena, kwa sababu Mmiliki alikuwa ameweka programu ndogo ya kuiwasha kila inapoanguka. Tukaizima tena, ikawaka tena. Nakumbuka tulivyokuwa wawili, mimi na mwenzangu, tukipokezana kuizima kwa karibu nusu saa kama watu wanaochota maji kwenye mtumbwi uliotoboka, hadi mwenzangu alipokumbuka kwamba tulikuwa na uwezo wa kuwasha orodha ya wanaoruhusiwa. Tuliiwasha ikiwa na majina yetu manne tu. Hakuna mwingine aliyeweza kuingia, na seva ikabaki inawaka bila watu kwa siku mbili.

Mmiliki aliporudi, alisasisha programu, akaizima ile orodha, na ujumbe wake wa kwanza kwetu ulikuwa kwamba tumewafukuza wachezaji mwishoni mwa wiki bila idhini yake. Mwenzangu aliomba, kwa maandishi na kwa adabu, kwamba angalau mtu mmoja zaidi apewe njia ya kuingia kwenye mashine kwa ajili ya dharura. Jibu lilikuwa kwamba suala hilo litafikiriwa.

*Duka*

Kuhusu fedha nitapita haraka, kwa kuwa tulichokuwa tukikijua ni kidogo. Wachezaji walichangia na kupewa daraja, yaani cheo cha mchezaji, lenye rangi ya jina na kofia za mapambo. Mwaka 2022 daraja la juu lilianza kuja na silaha na mavazi ya almasi. Mojang walikuwa wameshaeleza tangu Juni 2014 kwamba seva inaweza kutoza kiingilio, kupokea michango na kuuza mapambo, lakini si kuuza kitu kinachompa mnunuzi nguvu kuliko wenzake katika mchezo. Tuliliuliza hilo mara moja, tukaambiwa kwamba gharama zimepanda. Kiasi kilichoingia na kilichotumika hakikuwahi kuonyeshwa kwa mtu yeyote.

*Usiku wa diski kujaa*

Mwanzoni mwa 2023 seva ilianguka usiku na kuwaka ikiwa na majeraha ya ajabu. Ulimwengu wa Minecraft huhifadhiwa katika mafaili ya maeneo, na kila faili hubeba mraba wa matofali 512 kwa 512. Diski ilikuwa imejaa wakati seva ikijaribu kuhifadhi, na baadhi ya mafaili yakaharibika. Mchezo unapokosa sehemu ya ardhi, huiumba upya kwa mbegu ileile ya ulimwengu (nambari inayoamua umbo la ardhi), kwa hiyo mraba mzima hurudi kama ulivyokuwa kabla mtu yeyote hajaukanyaga. Mji wa zamani kuliko yote ulikatwa katikati kwa mstari ulionyooka. Kulikuwa na nyumba moja ambayo nusu yake ilisimama na taa zake na kitanda chake, na nusu nyingine ilikuwa msitu mtupu, kondoo wakila nyasi mahali palipokuwa jikoni.

Tulipoulizia nakala za akiba ndipo tulipojua kilichojaza diski. Nakala za zamani zilikuwa zimerundikana katika diski ileile ya seva, na kwa wiki 11 zilizopita kila nakala mpya ilikuwa faili lenye jina sahihi, tarehe sahihi na ukubwa wa sifuri. Hakuna aliyewahi kujaribu kuifungua hata moja.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya usiku ule palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kurudisha nakala nzima ya wiki 11 nyuma, na kila mtu apoteze alichojenga tangu hapo. Ya pili, ambayo sisi wasimamizi tuliipendekeza, ilikuwa kuchukua kutoka katika nakala hiyo ya zamani mafaili ya maeneo yaliyoharibika tu na kuyapachika katika ulimwengu wa sasa. Maeneo hayo yangerudi nyuma kwa wiki 11, na mengine yote yangebaki yalivyo. Palihitajika jioni moja ya kazi na tangazo la ukweli. Ya tatu ilikuwa kuanza ulimwengu mpya.

Mmiliki alichagua ya tatu, na akaitangaza kuwa ni msimu mpya uliopangwa tangu zamani. Sababu alizotupa sisi ni kwamba toleo jipya la mchezo lina milima mirefu na mapango makubwa zaidi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba wachezaji wa zamani wameridhika mno. Naamini sababu aliyoikalia kimya ilikuwa na uzito zaidi: njia ya pili ingemlazimu kusema hadharani kwamba nakala za akiba hazikuwa zikifanya kazi kwa karibu miezi mitatu. Wapo pia wanaosema kwamba mwanzo mpya huuza madaraja. Sina ushahidi wa hilo, na simtuhumu.

Nikiyatazama maamuzi yake yote kwa pamoja, naona mtu aliyekuwa akichagua kila mara njia itakayofupisha mazungumzo. Almasi za fidia, kufungwa kwa kumbukumbu za masanduku, karipio la Desemba, msimu mpya: kila kimoja kilimaliza swali la siku hiyo. Hakuwa mwizi wala dhalimu. Alikuwa amechoka, na hakutaka kukiri kuchoka kwake kwa watu ambao wangemwomba akabidhi kitu alichokianzisha kwa mikono yake.

Matokeo

Ulimwengu mpya ulijaa kwa wiki mbili. Kisha jioni zilizozoea kuwa na watu hamsini zikawa na watu kumi, na baadaye wanne, watatu kati yao wakiwa wenye daraja la juu ambao hawakuwa na wa kupigana naye. Waliojenga ule mji wa zamani hawakurudi hata siku moja. Wasimamizi watatu tuliondoka ndani ya mwezi mmoja, kila mtu kwa barua yake. Msimamizi Mkuu alibaki hadi kodi ya mashine ilipokosa kulipwa na kampuni ya kukodisha ikaizima. Jina la kikoa halikuhuishwa, na sasa anayelifungua hukuta matangazo ya kamari.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kinastahili kutajwa kwanza, kwa kuwa seva iliyodumu miaka mitano haikudumu kwa bahati. Ahadi ya kutofuta ulimwengu ilikuwa mali kubwa kuliko mashine yenyewe. Iliwafanya watu wajenge vitu vya kudumu, na mtu mwenye nyumba hulinda mtaa. Programu ya kumbukumbu nayo ilifanya kazi yake barabara: ilimtaja mkosaji bila kujali cheo chake. Uamuzi wa Desemba wa kuwasha orodha ya wanaoruhusiwa ulikuwa sahihi kwa ujuzi tuliokuwa nao, na ningeurudia.

Kosa la kwanza, na ambalo mengine yote yalijengwa juu yake, lilikuwa kutenganisha uwezo na wajibu. Si vibaya seva kuwa ya mtu mmoja. Zipo nyingi na zinakwenda vizuri, kwa kuwa mwenyewe yupo. Yetu ilifika mahali ambapo mwenye uwezo hakuwa akifanya kazi na wenye kufanya kazi hawakuwa na uwezo, na hali hiyo ikaachwa kwa miaka miwili kana kwamba ni likizo fupi. Hitilafu ya Log4j haikuwa kosa la mtu yeyote kwetu. Siku mbili za kukaa bila marekebisho zilikuwa kosa letu, na dawa yake ilijulikana: ufunguo wa pili kwa mtu wa pili, na maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu namna ya kuzima, kusasisha na kurudisha nakala.

Kosa la sanduku linahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi walioandika kuhusu seva yetu baadaye walilieleza kama kisa cha wizi. Wizi wa almasi 192 katika mchezo ungesamehewa. Msimamizi Mkuu angevuliwa cheo kwa mwezi mmoja, angeomba radhi, na watu wangetania kwa wiki mbili. Kilichoumiza ni fidia na ukimya. Almasi ndizo zilizokuwa sarafu ya masoko yetu, na thamani yake ilitokana na jasho la kuzichimba; Mmiliki alipozitoa hewani kwa amri, aliwaonyesha wachezaji kwamba sarafu yao huweza kuchapishwa ili kununua kimya cha mtu. Kisha akawaondolea wasimamizi waaminifu macho. Tangu hapo, kila kitu kilichopotea kilikuwa kimeibwa na wasimamizi, hata vile ambavyo mwenyewe alivisahau katika sanduku jingine, nasi hatukuwa na namna ya kuthibitisha vinginevyo.

Kuhusu fedha, linganisho moja linatosha. City of Heroes, mchezo wa mtandaoni, ulipozimwa na kampuni ya NCSoft Novemba 2012, mashabiki waliuhuisha miaka kadhaa baadaye, na seva yao ya Homecoming ikapata leseni rasmi Januari 2024. Huko michango ya mwezi hupokelewa kwa kulenga gharama zinazotajwa wazi, na lengo likifikiwa, upokeaji hufungwa. Hatukuhitaji mhasibu kufanya hivyo. Jedwali la mistari mitano lingetosha, nasi hatukulidai kwa nguvu, kwa kuwa kudai hesabu kwa mtu anayekufadhili mchezo kulionekana ni utovu wa shukrani.

Hapo ndipo lilipo kosa letu sisi wasimamizi, ambalo katika mazungumzo yetu tumelikwepa. Tuliomba ufunguo wa pili mara moja tu kwa maandishi, tena baada ya dharura. Kabla ya hapo tulinung'unika wenyewe kwa wenyewe. Tulipenda kuwa watu wanaokesha na seva, tukapenda pia kuwa na mtu wa kumlaumu. Na nakala za akiba, ambazo hatukuwa na njia ya kuziona, tungeweza kuziulizia kwa swali moja la kila mwezi: je, umeifungua ya mwisho? Hatukuliuliza.

Watatu kati yetu, pamoja na baadhi ya wachezaji wa zamani, tuliwasha seva ndogo mwishoni mwa 2023. Mashine ina funguo mbili kwa watu wawili, hesabu hubandikwa kila tarehe moja, na nakala ya akiba hukaa kwenye mashine tofauti na hufunguliwa mara moja kwa mwezi, mtu akitembea ndani yake hadi uwanja wa katikati na kupiga picha. Ule ulimwengu wa zamani hatuna. Nakala nzima zilikuwa kwenye mashine iliyozimwa tu. Mwenzangu anayeshika ufunguo wa pili hajaingia kwenye seva kwa wiki sita sasa. Nimemwandikia mara mbili kumuuliza kama tumpe mwingine, naye amejibu mara zote mbili kwamba yuko karibu kurudi. Wiki hii nimeliweka suala hilo mbele ya wachezaji wote, pamoja na swali la nani anapaswa kuushika ufunguo wangu mimi.